Bodi ya Maji Imebaki Uzi Mmoja

Mpendwa Baba Mwende,

Sikuulizi habari. Mtu anayeandika akiwa na hasira hawezi kuanza kwa salamu tamu, na mimi leo nimekukasirikia kuliko siku yoyote ya ndoa yetu, hata ile siku uliyomchinja jogoo wa mama yangu ukasingizia kicheche. Niko dukani hapa Mwingi, kwenye meza yetu iliyojaa alama za chuma cha kulehemu. Malori ya Garissa yanapita na kutikisa kioo cha dirisha, vile vile ulivyoyaacha. Mbele yangu kuna kompyuta, na kwenye kompyuta kuna ile bodi ya saketi ya pampu ya maji uliyowaahidi watu wa kwenu Mbumbuni. Imebaki uzi mmoja tu. Uzi huo umenitoa machozi ambayo hata mazishi yako hayakunitoa.

Wewe unaijua kazi hii, lakini acha niiseme tena, maana tangu ulipoondoka sina mtu wa kumwambia. Wewe ulikuwa unachora saketi, mimi napanga bodi. Ndivyo tulivyogawana tangu tukiwa wanafunzi kule chuo cha ufundi Kitui, uliponiambia, "Mimi niko na kichwa, wewe uko na macho. Tukioana tutakuwa mtu mmoja kamili." Nikakuuliza mikono itakuwa ya nani. Ukacheka hadi mwalimu akakutoa nje ya darasa.

Programu ukishaipa saketi yako, inamwaga vipande vyote kwenye kioo na kuvifunga kwa nyuzi nyembamba, uzi mmoja kwa kila sehemu mbili zinazotakiwa kuunganishwa. Kazi yangu ni kugeuza kila uzi kuwa njia ya shaba, bila njia moja kukanyaga nyingine. Uzi ukishakuwa njia, unatoweka. Bodi isiyo na uzi hata mmoja imekwisha, inaweza kutumwa kwa watengenezaji. Yenye uzi mmoja ni kama nyumba isiyo na paa, hulali ndani.

Mafundi wengine huanza kwa kuweka ile chipu kubwa katikati. Wewe ulianza na geti. Kila bodi uliipanga kama boma la mama yako. Mahali umeme unapoingilia pakawa geti, pakiangalia mashariki. Fyuzi ikawa mbwa wa getini. Betri ikawa nyumba kubwa. Chipu ukaiweka jikoni, ukisema mambo yote ya boma yanaamuliwa na wale wanaopika. Kebo za nje zinazoshuka kwenye kisima zikawa upande wa chini, kunakoelekea mto. Nikakutania kwamba siku moja utaweka na choo. Ukaonyesha tundu la skrubu kwenye kona, ukasema, "Si hiyo hapo? Na iko na mlango."

Nilikuwa nacheka. Natamani ningecheka zaidi.

Bodi hii ya maji haikuanza kwa geti. Unajua ilianza kwa nini. Tulikuwa tumetoka kumzika Mwende wetu, mtoto wa miaka minne, homa ya siku chache tu, na wewe ulikaa muda mrefu bila kushika kazi. Wateja wakija na simu zao unaangalia kioo kilichovunjika kama mtu asiyejua simu ni kitu gani. Halafu Jumapili moja, baada ya ibada kule kwenu, kamati ya maji ikasimama na kusema pampu ya kisima cha kando ya bwawa la mchanga linalozuia maji ya mto imeungua tena, kwa sababu iliachwa ikivuta kisima kikiwa kikavu. Ukasimama mbele ya kanisa zima na suruali yako ya mazishi. "Mimi nitawatengenezea kitu ya kuzima pampu kabla maji iishe. Msiteremshe ile mpya mpaka niwaletee." Watu wakapiga makofi. Mama yako akalia, sijui kwa maji au kwa sababu alikuwa amekusikia ukisema sentensi nzima.

Tuliporudi Mwingi ukafungua kompyuta, na kabla ya geti, kabla ya nyumba, ukachora kisanduku kidogo kwenye kona ya chini. Programu ina uwezo huo, wa kutia alama mahali ambapo njia ya shaba hairuhusiwi kukanyaga kabisa. Ukasema, "Hapa ni kwa Mwende. Wire zote zizunguke."

Kwetu jambo hilo halihitaji maelezo. Tunazika shambani, na kila msimu ng'ombe wa jembe wakifika kwenye kaburi wanapindishwa, mtaro unaenda ukizunguka, halafu unanyooka tena. Mgeni akiangalia shamba kutoka juu ya kilima anajua boma hilo limezika wangapi. Nilikuuliza swali moja tu, kama marufuku hiyo ni ya upande wa juu wa bodi peke yake au hata wa chini.

"Zote mbili," ukasema. "Kaburi iko na kina."

Ukakijaza kisanduku mistari myekundu ya mshazari, halafu ukalificha tabaka hilo la mchoro kwa sababu wekundu wake ulikuwa unatuumiza wote wawili. Programu haijali kama umelificha au hujalificha, inaendelea kulitii. Mimi nilijua mahali pake hata bila kuliona. Nilizungusha njia zangu pale kwa upole, mkunjo mzuri kama nywele za mtoto unaposuka.

Halafu tumbo lako likaanza. Ukaenda hospitali Kitui peke yako, ukanikataza kufunga duka. Ukarudi ukaniambia ni vidonda vya tumbo. Na mimi mjinga wako nikakunyima pilipili! Nikakupikia uji wa wimbi, nikakusimanga kwa kunywa chai kavu, nikaita watu wa kanisa waombe juu ya vidonda vya tumbo. Nilipokuja kujua ugonjwa wenyewe, ulikuwa huwezi tena kupanda ngazi ya duka. Ukatuacha tukiwa tunangoja mvua ya Machi, nayo ikakawia, na walipochimba kaburi lako udongo ulikuwa mgumu hadi wakaazima sururu ya pili.

Sasa ni wakati wa kulima kavu, kabla mvua haijaja. Kamati bado haijateremsha pampu mpya, imefungwa nailoni kwenye stoo ya kanisa, kwa sababu ulisema wasiiteremshe. Neno lako limekuwa kama wosia. Wanawake wanachimba mchanga mtoni wakikinga maji kwa kata, na mama yako yuko pamoja nao na magoti yake yale. Mwenyekiti alinipigia kwa adabu nyingi, akasema bwawa limeshuka, na kama kitu cha Baba Mwende hakitaweza, waambiwe mapema. Nikamwambia kitaweza. Nikafungua bodi.

Nyuzi zote zilipita. Zile ngumu, zile zilizotusumbua tukiwa wawili, zilipita kana kwamba unanishika mkono. Ukabaki uzi wa kihisi, ule unaotoka upande wa mto kupeleka habari jikoni kama kuna maji. Bila huo, bodi nzima ni kiziwi. Nikaanza kuuvuta. Ukaja vizuri, halafu ukafika mahali peupe, mahali pasipo na kitu, ukasimama kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba.

Nilifanya yote uliyonifundisha. Nilirudi kwenye saketi kutafuta nukta, maana nilikusikia kabisa ukisema, "Angalia dot kwanza. Laini mbili zikipitana bila dot ni watu wamekutana kwa barabara, hawajuani." Nukta ilikuwepo. Nikaangalia majina ya ncha zote mbili, ni jina moja. Nikaihamisha saketi upya kwenye bodi, labda haikuwa imepata habari. Nikaipunguza njia unene, nikapunguza nafasi inayodaiwa kati yake na jirani zake. Nikajaribu kuzamia upande wa chini nitokee mbele, ikanikatalia hata chini. Nikajaribu kuzunguka kwa juu, lakini huko ndiko kunapita umeme mzito wa pampu, na uzi wa kusikia maji ukilala karibu na umeme ule unasikia uongo. Nikafuta njia zangu nzuri zote za jirani, moja baada ya nyingine, nikabaki na uwanja mtupu. Bado ikasimama pale pale. Nilifanya ukaguzi wa programu, ikajibu tu kwamba kuna kiungo kimoja ambacho hakijaunganishwa. Kana kwamba nilikuwa nimeiuliza hivyo.

Hapo ndipo nilipovunjika, Baba Mwende. Sikuwa nalilia uzi. Nilikuwa nimezoea kugeuza shingo kushoto na kusema, "Hebu angalia hii." Niligeuza. Kiti chako nimekiwekea betri za wateja.

Mama Zulekha wa hoteli ya jirani alinikuta nimelaza kichwa juu ya vitufe, kioo kimejaa herufi moja. Unamjua, hata miaka yote hii Mwingi haijamwondolea Kiswahili chake cha Lamu. "Mwanangu, chai yapoa. Hicho kioo chakulisha nini?" Nikamwambia kuna waya umekataa kupita na sioni kinachouzuia. Akachungulia, akaona giza na mistari. "Basi kipo kisichoonekana," akasema, akaenda zake kugeuza mahamri. Nilidhani anazungumzia majini na mapepo.

Leo asubuhi mama yako akapiga simu. Alikuwa anapaza sauti kwa sababu ng'ombe walikuwa karibu, nasikia kijana wa jembe akiwapigia mluzi.

"Mama Mwende, wanalima. Nimekuja kusimama hapa mwenyewe. Huyu kijana ni mgeni, alitaka kukata moja kwa moja. Nimemwambia azunguke mbali, azunguke wote wawili. Jembe isiguse hata nyasi ya watoto wangu."

"Asante, mama," nikasema.

"Na ile kitu ya maji? Magoti imekataa kabisa kushuka mtoni. Lakini wewe usiharakishe, ukiharakisha utaharibu."

Nikamwambia bado kidogo. Nikakata simu, nikakaa. Azunguke wote wawili. Nikaangalia ule uzi wangu uliosimama katikati ya uwanja mtupu, nje ya kona ya Mwende, mahali ambapo mimi sikuwa nimeweka kitu. Nikaenda kwenye orodha ya matabaka, nikafunua lile ulilolificha.

Vilikuwa visanduku viwili.

Kile kidogo kilikuwa pale pale tulipokiacha. Kando yake kulikuwa na kingine, kirefu, chenye mistari myekundu ile ile, na uzi wangu umesimama kwenye ukingo wake kama mtu aliyebisha hodi. Mimi sikukichora. Kamati ya maji haikukichora. Programu huwa inajihifadhia nakala za zamani yenyewe, nikazifungua. Ile ya kabla hujaenda hospitali Kitui ina Mwende peke yake. Ile ya jioni uliyorudi ina nyinyi wawili.

Nakumbuka jioni hiyo. Nilikuletea uji, nikakukuta kwenye kompyuta, nikakuuliza unafanya nini na hali yako hiyo. Ukasema, "Napanga-panga tu." Nikakufunika bega kwa leso nikaenda kuosha sufuria.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe kifo kilikufichia. Aliyekuumbua ni mimi, kwa kutafuta njia ya waya. Uliiambia bodi kabla hujaniambia mimi. Ulikaa kwenye kiti hicho ukapima urefu wako, ukajilaza karibu na mtoto, ukajifunika kwa tabaka, kisha ukageuka ukala uji wangu na kuusifu! Na siku ya mazishi, wazee walipouliza mahali na mama yako akaonyesha bila kusita, "Hapo, kando ya mtoto," nilidhani ni moyo wa mama umesema. Kumbe hata yeye ulikuwa umemwonyesha. Nimempigia tena mchana nikamuuliza. Akamwambia kwanza kijana asimamishe ng'ombe. Halafu akasema, "Alisema wewe bado unacheka. Alisema tukuache ucheke kidogo."

Nimepima kila kitu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyosomea. Mwende yuko katikati. Wewe uko upande wa geti, kama ulivyokuwa ukilala kitandani, upande wa mlango, ili mwizi akija akukute wewe kwanza. Upande wa pili wa Mwende ni ukingo wa bodi, na kule shambani ni mtaro na mwisho wa shamba. Ulimfikiria hata mwizi. Mimi hukuniachia mahali.

Nilimwambia Mama Zulekha. Hakuna mwingine aliyekuwa karibu. Alisimama na birika mkononi akasikiliza yote, akasema, "Futa, mwanangu. Maiti ana kaburi moja. Hilo la kiooni ni lako wewe." Nilikasirika nikamrudishia kikombe kikiwa bado kimejaa, na najua kesho itabidi nimwombe radhi. Nilijaribu kukusogeza badala yake. Nilishika ukingo wa kisanduku chako nikakivuta kidogo tu, kiasi cha uzi kupenya, nikajiona nikikuburura. Nikakurudisha.

Nikafikiria kuacha uzi huo bila njia na kurusha waya juu kwa mkono, nilehemu ncha zote mbili. Lakini wewe ndiye uliyeniambia waya wa kuruka hauwezi kukaa kwenye kibanda cha pampu, joto lile na mtetemo ule, utang'oka pampu ikiwa inavuta, na itaungua mara ya tatu kwa jina lako. Nikafikiria kubomoa bodi yote na kuanza kwa geti. Nikaangalia kiti chako. Sina nguvu hiyo, Baba Mwende, nakwambia ukweli. Hiyo ilikuwa kazi ya watu wawili.

Kwa hiyo nimekufuta.

Nilichagua kile kisanduku kirefu, nikabonyeza. Programu haikuniuliza kama nina hakika. Mistari myekundu ikaondoka mara moja, bila hata sauti, na nilipoushika ule uzi ukaja wenyewe, ukatoka mtoni ukanyooka hadi jikoni, ukipita pale pale palipokuwa kifua chako. Kule Mbumbuni, ng'ombe wa watu, wakiongozwa na kijana asiyekujua, wamezunguka. Mimi mke wako nimepita juu. Nilikaa nikingoja nihisi nafuu, kama mtu aliyetoa mwiba, na nafuu haikuja, na mpaka sasa ninapoandika haijaja. Mwende sikumgusa. Njia zote bado zinamzunguka.

Pampu itateremshwa. Kisima kikikaribia kukauka, habari zitatoka chini, zitapita juu yako, zitafika jikoni, na pampu itazima kabla haijaungua, kama ulivyosema kanisani na suruali yako ya mazishi. Mama yako atafungulia bomba akiwa amesimama wima. Atasema umetimiza, na mimi sitamwambia nilitimiza kwa namna gani. Lala, mume wangu, na unisamehe kama mimi nitakavyokusamehe siku nitakayoweza, siyo leo. Kabla sijatuma bodi kwa watengenezaji nimefanya ukaguzi wa mwisho, kama ulivyonizoesha, hata ukiwa na haraka. Imeandika kwamba hakuna kilichobaki bila kuunganishwa. Nimeisoma kwa sauti hapa dukani, nikageuza shingo kushoto.

Mkeo,
Mama Mwende